Mrejesho: minyoo wa C. elegans, aldikabu na joto la Mtwara

Wakuu, niliuliza kwa nini minyoo wangu wa C. elegans (minyoo wadogo wa maabara), wa kawaida na wale wenye hitilafu ya jeni ya unc-13, inayosaidia neva kutoa kemikali zake, walipooza kwa muda usiotabirika kwenye sahani zenye aldikabu, sumu ya kuua wadudu. Mlioshuku joto mlipatia.

Minyoo hawa wanataka nyuzi 15 hadi 25. Chumba kisicho na kiyoyozi hapa Mtwara mchana kinapita hapo. Uzazi unavurugika na kasi ya kupooza inabadilika. Sasa wanafugwa kwenye inkubeta ya nyuzi 20, na kipimo kinafanyika kwenye kiyoyozi. Umeme ukikatika, mlango haufunguliwi, na ndani kuna chupa za maji baridi.

Agari (jeli ya kufugia minyoo kwenye sahani) ipoe hadi nyuzi kama 55 ndipo aldikabu itiwe, kufikia milimola 1 kwa lita. Ni sumu kali, kwa hiyo glavu na chemba ya kufyonza hewa ni lazima. Unyevu wa pwani nao msumbufu: sahani isiyokauka, minyoo wanaogelea badala ya kutambaa, na huwezi kujua nani amepooza.

Weka minyoo 25 wa umri mmoja, gusa kichwa na mkia kwa waya wa platinamu kila nusu saa. Aldikabu huzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kuiamuru misuli ijikaze, hivyo misuli inakakamaa. Wa unc-13, vifuko vya kemikali hiyo ndani ya neva zao havimwagi asetilikolini ipasavyo, ndiyo maana wanachelewa. Tofauti hiyo sasa inaonekana waziwazi. Anayehesabu asijue sahani ipi ni ya nani.