Mawakala mnaopeleka mbwa Ujerumani kwa karatasi mbovu, mnatutesea wanyama!

Wakuu, uzi huu ni mrefu na leo sina lugha laini. Asiyefuga apite tu.

Kuna watu mjini wanajiita mawakala wa kusafirisha wanyama. Wanapokea hela ya mteja, wanamkabidhi kijitabu cha chanjo chenye picha ya mbwa kwenye jalada, wanamwambia "hii ndiyo pasipoti yake, nenda nayo." Mteja anatua Frankfurt, daktari wa mifugo wa pale anafungua kijitabu, anasoma tarehe mbili, anakifunga. Tarehe ya kwanza ni ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ya pili ni ya chipu, ile ya namba ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi, na imekuja siku nne baadaye.

Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya chanjo hiyo inahesabika haikufanyika kabisa. Kama mbwa hakuwa na namba siku anachomwa sindano, nani atathibitisha kwamba aliyechomwa ni huyuhuyu? Chipu inatangulia, chanjo inafuata. Zinaweza kuwa siku moja, mradi chipu iwe ya kwanza na iandikwe hivyo. Na iwe ile ya tarakimu 15 ya kiwango cha ISO, maana ukiweka nyingine utalazimika kusafiri na skana yako mwenyewe.

Halafu kuna uongo wa "wiki tatu tu unaondoka." Siku 21 baada ya chanjo ni kanuni ya nchi zilizo kwenye orodha ya Ulaya. Falme za Kiarabu zimo, ndiyo maana jamaa wa Dubai anakwambia kwake ilikuwa rahisi. Tanzania haimo. Kenya haimo, Uganda haimo, Rwanda, Burundi na Kongo hazimo. Sisi tunadaiwa kipimo cha damu cha kuonyesha kwamba chanjo imempa mbwa kinga, na kipimo hicho ndicho kinachokula muda.

Fanya hesabu na mimi. Chipu na chanjo Januari 5. Damu haichukuliwi mpaka siku 30 zipite, yaani Februari 4. Kuanzia siku ya kuchukua damu (siyo siku majibu yanapotoka) unahesabu miezi 3 kamili. Hapo umefika Mei 4, na mwenye busara anakata tiketi ya siku mbili tatu mbele. Kwa hiyo ni miezi minne, bila kosa lolote njiani. Kwa mtoto wa mbwa ndiyo zaidi, kwa sababu chanjo haihesabiki akiwa chini ya wiki 12, hivyo hawezi kuingia Ujerumani kabla hajakaribia miezi 7. Wakala anayekuuzia "kapapi ka miezi minne, karatasi zote tayari" anakuuzia kesi.

Sasa hiyo damu. Sijui kwa nini hapa ndipo kila mtu anaharakisha. Inatakiwa seramu, yale maji ya njano yanayobaki juu damu ikiganda. Maana yake kichupa kisichokuwa na dawa ya kuzuia kuganda. Mtu anachukua chenye kifuniko cha zambarau kwa sababu ndicho kilichokuwa mezani, na sampuli imeshakwisha kazi. Au anachukua sawasawa, kisha anatikisa kichupa kama chupa ya juisi, au anakiacha kwenye dashibodi ya gari mchana wa Dar. Chembe zinapasuka, seramu inageuka nyekundu, maabara inaikataa. Iache damu igande, izungushwe kwenye mashine, seramu ihamishiwe kwenye kichupa kingine safi, isafiri na barafu. Na kichupa kiandikwe namba ya chipu, siyo "Simba wa Mama Neema."

Maabara lazima iwe kwenye orodha ya Tume ya Ulaya. Majibu ya maabara nyingine, hata yawe mazuri vipi, hayasomwi. Kiwango cha kinga kinachotakiwa ni 0.5 IU (vizio vya kimataifa) kwa mililita au zaidi. Mbwa aliyechanjwa mara moja tu maishani anaweza kuangukia chini ya hapo. Ndiyo maana wataalamu wengi hupenda arudiwe chanjo kabla ya kupimwa. Ukishafaulu, kipimo hakirudiwi maisha yake yote ILIMRADI chanjo za marudio zisichelewe hata siku moja. Ukichelewa, chanjo inayofuata inahesabika ya kwanza, na unarudi Januari 5.

Cheti cha afya nacho kina kifomu chake cha Ulaya. Kinasainiwa na daktari wa mifugo wa serikali, au cha daktari binafsi kikathibitishwa na mamlaka: kwetu Wizara ya Mifugo na Uvuvi, kwa Kenya ni Idara ya Huduma za Mifugo, Kabete. Kikisainiwa una siku 10 za kufika. Ndege ikiahirishwa ukavuka siku hizo, unaanza upya cheti. Kagueni zile tarakimu 15 mbele ya daktari, skana mkononi. Tarakimu moja ikikosewa, karatasi ni ya mbwa mwingine.

Lililonichefua kuliko yote ni sehemu ya "aina ya mbwa." Ujerumani ina sheria ya tangu 2001 inayozuia kuingiza pitbull terrier, American Staffordshire, Staffordshire bullterrier na bullterrier, pamoja na machotara wao. Sasa daktari anaona koko mwenye kifua kipana na mistari mistari, anaandika "pitbull mix" kwa sababu mwenyewe anaona sifa! Andika ukweli. Kama ni koko, ni koko.

Karatasi zikikataliwa, sheria inatoa njia tatu: mnyama arudishwe alikotoka, awekwe karantini kwa gharama ya mwenye mbwa, au ikishindikana zote mbili, auawe. Hakuna sehemu wakala anaulizwa. Yeye simu yake "haipatikani kwa sasa."

Na ninyi mlioko kule msicheke, zamu yenu. Mbwa akishaingia mnadhani mmemaliza. Kodi ya mbwa, Hundesteuer, inadaiwa na mji au kijiji unachoishi. Berlin ni euro 120 kwa mwaka kwa mbwa wa kwanza na 180 kwa kila anayeongezeka, na unatakiwa kumwandikisha ndani ya mwezi mmoja. Hamburg ni 90, lakini kwa mbwa anayeitwa hatari inaruka hadi 600. Hela haiendi kwenye mapipa ya kinyesi wala bustani, inaingia mfuko mmoja na kodi nyingine, na kinyesi unaokota mwenyewe. Paka hawana kodi.

Kisha bima. Kifungu cha 833 cha sheria yao ya madai kinasema mwenye mnyama wa kufuga nyumbani analipa madhara hata kama hakuzembea. Mbwa akikatiza mbele ya baiskeli, mtu akavunjika nyonga, unalipa matibabu na mshahara aliokosa, na hakuna kikomo. Berlin, Hamburg na Niedersachsen bima hiyo ni lazima. Yapo majimbo ambako si lazima kwa kila mbwa, ila kutoikata ni kucheza kamari na mshahara wako.

Na mnyororo! Huku tunamfunga mchana, tunamfungulia usiku alinde. Kule kumfunga hivyo kumepigwa marufuku tangu Januari 1, 2023. Kibanda cha mbwa wa kimo kisichozidi sentimita 50 begani kisipungue mita za mraba 6. Akizidi 50 ni 8, akizidi 65 ni 10. Hata akiwa na kibanda cha kifahari, lazima atolewe nje kutembea. Balkoni siyo kibanda.

Nawasilisha. Wakala aje hapa ajitetee.

---

#2
Mkuu umemaliza, ila umesahau keji. Mpime mbwa akiwa amesimama. Urefu wa keji ni kutoka pua hadi shina la mkia, jumlisha nusu ya kimo cha kiwiko kutoka sakafuni. Upana ni mabega mara mbili. Kimo ni ncha ya masikio au kichwa, chochote kilicho juu, pamoja na tandiko. Wakala anakuja na keji ya mbwa wa mteja aliyepita, kaunta wanaikataa, cheti cha siku 10 kinaendelea kuhesabu. Na bakuli la maji lijazwe bila kufungua mlango.

#3
Mbona mnatisha watu? Kuna waliopita na kijitabu tu, hawakuulizwa kitu.

#4 (mwenye uzi)
#3 kaka, kupita bila kuulizwa siyo kuruhusiwa. Mbwa kutoka nchi isiyo kwenye orodha anapaswa kuingilia kituo kilichoteuliwa na kutangazwa forodhani. Akipitishwa kimyakimya, siku anapelekwa kwa daktari kule, chipu inasomwa, historia inaulizwa, na mamlaka inaweza kumweka karantini hata baada ya miezi. Usimshauri mtu hivyo.

#5
Naongezea kwa tunaoishi Ujerumani. Ukitaka kwenda na mbwa likizo Mombasa au Arusha, pima damu HUKO Ujerumani kabla ya kuondoka, na daktari aandike matokeo kwenye pasipoti ya Ulaya. Ukirudi hungoji miezi 3. Usipopima, mbwa anabaki kwa shangazi na wewe kazini wanakuita. Jambo jingine: chipu haijisajili yenyewe. Iandikishe TASSO, daftari la kule la wanyama wa kufugwa, ni bure. Bila usajili, akipotea wanasoma namba isiyo na mwenyewe.

#6
Dada #5 ubarikiwe. Swali kuhusu nyumba ya kupanga: mwenye nyumba ameandika kwenye mkataba "mbwa na paka hawaruhusiwi." Ndiyo basi?

#5
Siyo basi, kaka. Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua Machi 2013 kwamba marufuku ya jumla ya mbwa na paka kwenye mkataba wa kawaida haina nguvu. Lakini haikusema ingia naye tu. Omba ruhusa kwa maandishi, taja aina, ukubwa na bima. Mwenye nyumba anatakiwa apime hali ya nyumba na majirani. Ukimwingiza kwanza ukaomba baadaye, umempa sababu.

#7
Na kasuku wa Kongo, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu? Baba mkwe anataka kuja naye.

#4 (mwenye uzi)
#7 mkuu, mwambie mzee amwache. Kasuku huyo yuko Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017. Anatakiwa kibali cha kumtoa na kibali cha kumwingiza, vyote viwe mkononi kabla hajapanda ndege, na kwa ndege asiye na karatasi za asili yake hakuna atakayevitoa. Akimleta hivyohivyo, forodha watamchukua kasuku na mzee atafunguliwa kesi.