Mtu wa seva ananiambia "si utumie WhatsApp tu"!!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule fundi wetu mnamjua, hakuna asiyemjua. Barua pepe ya mteja ikitumwa leo, inaingia mteja keshaoa na watoto wako darasa la pili. Nimemfuata kwa heshima zote: fundi, kichuja spamu kimelala. Kanitazama juu mpaka chini: "Si utumie WhatsApp tu?"

WhatsApp! Mtu analipwa kutunza seva ya barua pepe!

Nimemganda mpaka kafungua logi. SpamAssassin, hicho kichuja chenyewe, inakula sekunde 15 na ushee kwa kila barua, hata ile ya "asante, nimepokea". Kanuni hajazisasisha, bado anaiulizia SORBS, orodha ya watuma spamu iliyofungwa Juni 2024. Namwonyesha kwa kidole, anajibu nini? "WhatsApp haina mambo hayo." Bosi kasikia. Bosi KACHEKA. Si utumie WhatsApp tu! Jamani!

Mla Bata: Lakini mkuu, si utumie WhatsApp tu? 😂

Fundi Mstaafu: Hiyo 15 ndiyo rbl_timeout yenyewe, kikomo cha kusubiri majibu ya orodha kama hizo. DNS, inayopitisha maswali hayo, haijibu, inasubiriwa mpaka muda uishe. Na spamd, ile SpamAssassin inayokaa ikisubiri barua, usipoigusa ina watoto 5 tu, yaani inachuja barua 5 kwa mpigo. Wote wakikwama hapo, barua nyingine zinapanga foleni nje. Kagua resolv.conf, faili linalosema DNS ipi itumike, kisha weka Unbound, DNS yako mwenyewe, kwenye seva hiyohiyo. Usikimbilie 8.8.8.8, DNS ya Google ya watu wote; Spamhaus, wenye orodha nyingine ya spamu, hawawahudumii wanaopitia huko.

Mtoa mada: Mkuu, hilo la DNS nimemwambia! Unajua kanijibu nini?

Mla Bata: Tunajua.

Binti Pwani: Afadhali yenu inachelewa. Ya kwetu inatupa ankara za wateja kwenye spamu, halafu ya "umerithi mamilioni ya dola" inaingia kifua mbele.

Kaka Jenereta: Na nyie mnalalamika! Sisi seva iko jikoni. Mama wa chai akitaka kuchomeka birika, anachomoa seva. Ofisi nzima tunajua chai iko tayari kwa sababu intaneti imekata.

Binti Pwani: Kumbe birika lenu linafanya kazi? Letu limekufa tangu Pasaka, na mchango wa jipya tulishatoa.

Mla Bata: Mchango kakusanya nani?

Binti Pwani: Yule wa stoo.

Kaka Jenereta: Basi hamlioni hilo birika. Wa kwetu wa stoo kala hela ya sukari, mwezi wa tatu huu tunakunywa chai kavu. Huyo afunguliwe uzi wake.