Mwaka wa pili najitolea ustawi wa jamii, niendelee au nikauze mbolea?

Binti wa Uyole:
Habarini wakuu. Nina digrii ya ustawi wa jamii, sa hizi mwaka wa pili najitolea halmashauri moja huku Mbeya, nauli wananipa wakikumbuka. Ajira portal ya serikali nimeomba mara tatu, mara moja nikaitwa usaili nikaishia kwenye mtihani wa kuandika. Kaka angu ana duka la pembejeo anasema njoo tuuze mbolea achana na kesi za watu, na kusema kweli nimeanza kumsikiliza, maana chuoni nilijua nitakuwa naokoa watoto kumbe asubuhi nzima nimekaa nahesabu hela za matunzo ya watoto ambao wazazi wametengana. Ijumaa kaja baba mmoja mkulima wa viazi, elfu thelathini, noti za elfu elfu zina udongo, ananihesabia moja moja na mama watoto yupo benchi lile lile kampa mgongo. Hata salamu hakuna. Wakasaini daftari kila mtu akashika njia yake. Ndo kazi yenyewe hii? Walioko kwenye fani naombeni ukweli.

Mzee Baba:
Kauze mbolea. Nyie ustawi ndo mnavunja ndoa, mke akinuna kidogo tu mbio kwenu.

mama_wawili:
Mzee Baba na wewe unalipia wapi matunzo? 😂 Dada usimsikilize. Mi nilikuwa huyo mama wa kwenye benchi, miaka minne. Kabla ya hapo alikuwa ananiambia nifuate hela baa, nikifika nachekwa. Lile daftari mnaloliona la kijinga ndo limemsomesha mwanangu mpaka la saba.

Afisa wa baridi:
Mdogo wangu mi niko fani hii mwaka wa 14 sasa, nimeanzia Iringa, sasa niko Njombe. Ukweli ni kwamba kazi yetu ni kutembea na kuandika, na ukiandika bila kutembea unaharibu maisha ya mtu. Nikupe langu. Nikiwa bado mgeni kazini polisi wa dawati la jinsia na watoto walituletea kabinti ka miaka 13 kamekutwa stendi, wakasema kanapelekwa Dar kufanya kazi za ndani, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema chini ya 14 hapana, kwa hiyo nikaona kesi rahisi, nikaandika arudishwe kwa bibi yake, nikapiga simu kwa mtendaji wa kijiji, nikafunga faili. Kwenye kiroba chake alikuwa na sweta la shule tu na mahindi ya kuchoma ameyafunga kwenye gazeti. Wiki sita baadaye kakutwa stendi ile ile, sweta lile lile. Ndo nikaenda kwa bibi mwenyewe, wajukuu watano, jiko limepoa, hawapo hata kwenye orodha ya TASAF ya kusaidia kaya maskini. Hakuna aliyekatorosha, kalijipeleka kenyewe. Tangu siku hiyo siandiki taarifa kabla sijaingia jikoni kwa watu.

Halafu wewe uko Mbeya bwana, wenzako wanakutamani. Mahakama ya watoto unayo hapo, mahabusu ya watoto unayo, shule ya maadilisho Irambo, ya watoto waliokosana na sheria, hapo hapo. Omba wakupeleke mahakamani ukaone hakimu anavyosubiri taarifa ya uchunguzi wa jamii ndo aamue mtoto anaenda wapi. Ukishaandika kama kumi ukaulizwa maswali mbele ya hakimu, ule mtihani wa usaili hautakusumbua. Na hospitali kubwa nazo zinachukua watu wa ustawi, usikae unangoja halmashauri tu.

Mbolea uza jumamosi, sioni ubaya.

Binti wa Uyole:
Asante sana kaka, na mama_wawili pia. Jumatatu namuomba bosi anipeleke mahakamani. Yule baba wa viazi nae sijawahi kufika kwake wala kwa huyo mama, naona aibu hata kusema.

Afisa wa baridi:
Nenda. Pikipiki unaendesha?

Binti wa Uyole:
Naogopa 🙈

Afisa wa baridi:
Jifunze kabla mvua hazijaanza.