Mafuta mazuri ya nazi kwa bei ya kueleweka, Kampala mnanunua wapi?

Mama Zuhura, Nansana
Habari zenu ndugu zangu. Nilihamia huku mwaka jana kutoka Kilifi, na mpaka leo sijapata mafuta ya nazi ya kuaminika. Nampaka mwanangu, natia nywele zangu, nakaangia samaki. Kwetu nilikuwa napeleka chupa tupu kwa jirani, inarudi imejaa. Hapa nimenunua kichupa cha mililita 200 kwa shilingi 15,000, kimeandikwa nazi tupu. Wiki ya tatu hii kiko dirishani, na baridi yote ya asubuhi hakijaganda hata tone. Kinanukia kama pipi. Mtoto ametoka vipele shingoni, nimeacha kumpaka. Naombeni mnielekeze, niko chini ya miguu yenu.

Abdalla wa Kisenyi
Pole dada, mtoto apone. Vipele vikienea mpeleke kliniki, usingoje. Hayo mafuta hata mimi nayatilia shaka. Ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Kampala hufika 17 au 18. Kwangu alfajiri chupa ni nyeupe kama samli, hadi jua lipande ndipo yanalainika. Geuza kichupa usome maandishi madogo ya nyuma. Ukikuta parafini (mafuta yanayotokana na petroli) imetajwa mwanzo, hayo ni ya nywele, yasiingie chunguni kamwe.

Rehema Busia
Dada, umepiga hesabu? Mililita 200 kwa 15,000 ni 75,000 kwa lita! Mimi naagiza Mombasa. Shangazi ananunua kwa akina mama wanaokamua wenyewe, anajaza jerikeni la lita tano, anaweka nailoni chini ya kifuniko ndipo anakaza, anampa mtu wa basi. Hata nikijumlisha nauli ya mzigo, lita hainifikii nusu ya bei yako. Ila usiagize kwa mtu usiyemjua.

Fundi Okello
Naongeza kwa Abdalla: kuganda peke yake hakutoshi, maana mawese nayo huganda na ni rahisi kuchanganywa. Chota kidogo yaliyoganda, weka kiganjani. Ya nazi huyeyuka upesi bila kubakiza chenga. Kisha muulize muuzaji, ni ya tui au ya mbata, yaani nazi iliyokaushwa? Ya tui ni meupe kama maji na yananukia nazi mbichi. Ya mbata yana umanjano, na kama mbata ilikaushwa kwa moto utasikia moshi. Muuzaji asiyejua tofauti hiyo, mimi simnunulii.

Bi Saumu
Mwanangu, kwa ngozi ya mtoto kamua mwenyewe. Nazi zipo Nakasero. Tikisa moja moja sikioni, isiyo na maji iache, na chungulia macho yake matatu yasiwe na ukungu. Mbuzi ya kukunia nazi sina huku, nasaga kwa blenda na maji ya vuguvugu, nachuja kwa kitambaa. Tui linalala usiku kucha. Asubuhi naengua ule utandu mzito wa juu, naubandika moto mdogo, nakoroga bila kuondoka. Kwanza linachemka kwa kelele, maji yakiisha linanyamaza, na mabaki yanageuka kahawia. Hapo epua mara moja, ukichelewa yananuka kuungua. Nazi kumi hazinitoshelezi lita, kwa hiyo ya kupikia nanunua, ya mwili nakamua.

Mama Zuhura, Nansana
Ahsanteni, Mungu awalipe. Nimesoma nyuma ya kichupa: parafini ndiyo ya kwanza, nazi iko mwisho kabisa. Vipele vimeanza kukauka tangu niache. Jumamosi naenda Nakasero kuchukua nazi sita za mtoto, Bi Saumu nitakuuliza nikikwama. Ya kupikia namwagiza dada yangu Kilifi jerikeni la lita tano, lakini peke yangu sitalimaliza. Aliye Nansana, Kawaala au Nabweru na anataka lita moja aseme hapa kabla ya Ijumaa, tugawane na nauli.