Hospitali ya ghorofa kwenye mteremko wa mawe: chumba cha upasuaji kikae wapi?

Mwanakirumba:
Ndugu wanajukwaa, taasisi yetu imepata kiwanja kwenye mteremko wa mawe hapa Mwanza, upande unaotazama ziwa, nasi tunakusudia kujenga hospitali ya ghorofa. Ramani ya awali imeweka idara ya dharura chini kabisa, barabarani, na vyumba vya upasuaji juu, kwa hoja kwamba lifti itapandisha wagonjwa. Je, mpangilio huu unafaa?

Mkunga wa Zamu:
Haufai. Katika hospitali moja niliyofanyia kazi, wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji vilikuwa majengo tofauti, na kati yake palikuwa na njia ya zege isiyo na paa. Usiku mmoja wa mvua tulimsukuma mama aliyekuwa akivuja damu, mwenzangu ameinua dripu kwa mkono mmoja na kwa mwingine anamfunika khanga, huku gurudumu la kitanda likinasa kwenye mfereji uliokatiza njia. Mama alipona, lakini tangu siku ile, nikioneshwa ramani ya hospitali, kwanza nahesabu hatua kutoka kitanda cha kujifungulia hadi meza ya upasuaji. Maisha ya mtu msiyategemeze kwenye lifti.

Mchora Ramani:
Naungana na mkunga. Mteremko huo wenyewe una faida, kwa kuwa ghorofa ya kati inaweza kufikiwa na gari kwa upande wa mlimani. Pelekeni barabara ya ambulensi hapo, kisha dharura, upasuaji, chumba cha kujifungulia, eksirei na wagonjwa mahututi vikae sakafu moja. Kliniki za wagonjwa wa nje zibaki chini, karibu na kituo cha daladala. Njia ya kusukumia vitanda isipande zaidi ya mita 1 kwa kila mita 12, na korido ziwe na upana wa mita 2.4 au zaidi.

Wodi ziwe ndefu kutoka mashariki hadi magharibi, maana huku karibu na ikweta jua la asubuhi na la jioni ndilo linalochoma kuta, na madirisha yatazamane ili upepo wa ziwani upenye. Hospitali ya Butaro nchini Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, imetoa korido nje ya jengo, na vichwa vya vitanda vimeegemea ukuta mfupi wa katikati, hivyo mgonjwa hutazama dirishani.

Mwanakirumba:
Nawashukuru sana. Upande wa juu ipo njia ya zamani ya malori ya kokoto. Kesho nitakwenda na mpima ardhi tuone kama ambulensi mbili zitapishana.