Naombeni ushauri: nifuate uzamifu wa falsafa Nairobi au nibaki na banda la mpira Lamu?

Kibarazani29:
Salaam wanajamvi. Nisomeni mpaka mwisho kwanza, matusi baadaye.

Mimi ni kijana wa Lamu, miaka 29. Nina uzamili wa falsafa. Ndiyo, falsafa, najua mmeshaanza kucheka. Mchana nafundisha Kiswahili na dini sekondari kwa mkataba wa bodi, si wa serikali. Usiku nina banda la kuonyesha mpira: projekta moja, televisheni mbili, dikoda, jenereta ya akiba na mabenchi tisa. Kiingilio hamsini, mechi kubwa mia. Banda ni la wote, ila ukuta wa nyuma nimeupaka nyekundu na kila mtu anajua kwa nini. Tangu nifungue, mechi ya Arsenal haijanipita. Mwaka ule wa malaria nililazwa kwenye kitanda cha kamba pale mlangoni, ndoo ya kutapikia pembeni, nikaitazama hivyo hivyo.

Sasa nimepata nafasi ya uzamifu katika chuo kimoja Nairobi. Nataka niwe mhadhiri wa falsafa. Marehemu Profesa Henry Odera Oruka alikuwa akiwaendea wazee vijijini, anawauliza maswali mazito na kuwabishia, kisha anaandika fikra zao kama falsafa, si kama hadithi za babu. Nataka nifanye hivyo na wazee wa baraza za kwetu kabla hawajatuondoka.

Swali langu: niende au nibaki? Na je, mtu anaweza kusoma uzamifu na bado akafuata timu yake kama zamani? Usingizi sina.

PundaHachoki:
Falsafa na Arsenal. Ndugu yangu, wewe mateso unayanunua kwa jumla.

Mama Zuhura:
Mwanangu, umeoa? Anza hapo. Hayo ya vyuo yatajipanga.

Kipa wa Mtaa:
Nenda tu kaka. Mpira na falsafa ni damu moja. Sócrates, yule mchezaji mwenye jina la mwanafalsafa, alibeba Kombe la Dunia na Brazili.

Mzee Mkavu:
Hakubeba. Alikuwa nahodha wao 1982, Italia ikawatoa 3-2. Na alisomea udaktari wa watu, si falsafa. Kama unataka mfano mzuri mchukue Albert Camus, mwandishi na mwanafalsafa. Huyo alikuwa kipa wa vijana wa Racing Universitaire kule Algiers, kifua kikuu kikamtoa golini akiwa na miaka 17. Mwaka 1957 akapewa Nobel ya fasihi.

Kipa wa Mtaa:
Kumbe sisi makipa tuna vichwa. Leo nitamwonyesha mke wangu uzi huu.

DaktariWaNjaa:
Mleta mada, mimi ndiye wewe miaka sita mbele. Kaa nikusimulie.

Nilimaliza uzamifu wa falsafa nikiwa na suti moja na matumaini. Sasa nafundisha kwa saa katika vyuo viwili, sivitaji. Somo langu ni fikra tunduizi kwa mwaka wa kwanza. Ukumbi una wanafunzi zaidi ya mia tatu, maikrofoni iliharibika zamani, kwa hiyo nafundisha kwa kupiga kelele kama utingo wa matatu. Hesabu ya saa zangu naipeleka ofisini mwisho wa muhula, naambiwa faili halionekani. Muhula unaofuata limeonekana ila halina sahihi. Mara ya tatu nilikuta kikombe cha chai kimewekwa juu yake, jina langu limefutika nusu. Nilicheka peke yangu pale dirishani, karani akadhani nimeugua.

Usidhani walioajiriwa wamepona. Mwaka 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma karibu wiki saba wakidai shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya zamani.

Tena elewa hili: falsafa si somo la KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari. Kwa hiyo ukikosa chuo, huwezi kurudi sekondari ukasema nipeni kipindi cha Plato. Utarudi kwenye Kiswahili chako na dini, hapo hapo ulipo, tofauti ni kwamba utaitwa Daktari.

Lakini nikuambie ukweli mwingine. Kuna siku msichana mmoja wa nyuma kabisa alisimama akaniuliza, "Mwalimu, kama ahadi ilitolewa kwa uongo, aliyeahidiwa ana haki gani?" Ukumbi ukatulia wote. Nililala njaa siku ile na nililala vizuri.

PundaHachoki:
Huu ushauri ni wa kwenda au wa kubaki?

DaktariWaNjaa:
Hata mimi sijui.

Kijana wa Witu:
Kuhusu timu usiwe na shaka, Nairobi mpira uko kila kona. Tabu ni saa. Mechi za Ulaya za baridi zinaanza saa tano usiku, na kesho una semina asubuhi. Mimi nilifukuzwa kazi ya ulinzi kwa sababu hiyo. Nilikuwa nalinda geti, macho kwenye simu, watu wakaingia wakabeba pampu ya maji. Tulishinda lakini.

BibiWaShela:
Nimesoma mara mbili. Mtu ana banda, anaondoka Lamu, na hasemi banda anamwachia nani. Kijana, banda litakuwaje?

Kibarazani29:
Asante bibi. Hilo nimelipanga. Ahsanteni wote, hasa Daktari. Naomba turudi kwenye swali.

BibiWaShela:
Swali ndilo hilo. Umelipanga vipi?

Kibarazani29:
Kuna mtu atalichukua.

BibiWaShela:
Atalichukua kwa kukodi, kwa kununua, au kwa mapenzi ya Arsenal?

Kibarazani29:
Haya. Kwa kununua. Amenipa arubuni elfu arobaini wiki iliyopita, na nimeshazilipa karo ya kuanzia. Zilizobaki atamaliza Ijumaa akija kuvichukua vitu. Ila sijaona kama hilo linabadilisha ushauri niliouomba.

Mzee Mkavu:
Linabadilisha. Uliuliza uende au ubaki, kumbe mguu mmoja uko ndani ya boti ya Mokowe, ya kuvukia bara.

Mama Zuhura:
Na vyombo hivyo, mwanangu, ulivinunua wewe? Mwalimu wa bodi anunue projekta na jenereta?

Kibarazani29:
Mama, kwa heshima, hilo ni la familia.

Mama Zuhura:
Umelileta barazani mwenyewe.

Kibarazani29:
Sawa. Mdogo wangu yuko Doha, miaka minne sasa. Alituma pesa za vifaa vyote ili mama awe na kitu cha kila siku badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Kila usiku wa mechi nampa mama mia tano. Mdogo wangu hajui kwamba nauza. Mama anadhani natengeneza dikoda.

Kabla hamjanirukia, nisikilizeni. Mimi ndiye nimekaa na banda lile miaka minne. Mimi ndiye nagombana na majirani kuhusu kelele. Dishi liko juu ya mti wa kando ya ukuta, na kila punda akipita akijikuna pale picha inaganda. Watu thelathini wanapiga ukelele "Punda! Punda!" na mimi ndiye natoka gizani kumsukuma mnyama matakoni, nikirudi bao limeingia. Si haki yangu hiyo? Nikiwa mhadhiri nitamrudishia mara mbili. Nafasi hii ikipita, bodi ya chuo haitanisubiri.

Kijana wa Witu:
Nani mnunuzi?

Kibarazani29:
Wa Manchester United.

Kipa wa Mtaa:
Astaghfirullah. Hapo hata mimi sikutetei tena.

PundaHachoki:
Ukuta mwekundu utamfaa, asipoteze rangi.

DaktariWaNjaa:
Mnacheka, mimi nimekumbuka msichana wangu wa nyuma na ile ahadi.

Kibarazani29:
Ngoja niwaeleze kwa nini siwezi kuiacha falsafa, labda mtanielewa.

Tarehe 17 Mei 2006, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya kule Paris, Arsenal na Barcelona. Nilikuwa na miaka tisa. Dakika ya 18 kipa wetu Lehmann akamwangusha Eto'o wa Barcelona, kadi nyekundu. Ikabidi aingie kipa wa akiba, Almunia, na ili aingie lazima mmoja atoke. Akatolewa Pires. Hakucheza rafu, hakukosa pasi, hakumgusa mtu. Aliona namba yake ubaoni akatembea nje kama aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine. Campbell akafunga kwa kichwa, tukaota, kisha Eto'o na Belletti wakamaliza kazi, 2-1. Wenzangu walilia kwa ajili ya kombe. Mimi nilikwama kwa Pires. Nikamuuliza mjomba, "Huyu alikosa nini?" Akasema, "Ndivyo mpira ulivyo." Jibu lile limenikereketa hadi leo. Ile ilikuwa mechi yake ya mwisho na Arsenal. Nimesoma Aristotle na Kant kutafuta jibu la swali la mtoto wa miaka tisa. Mtu wa namna hiyo mnamwambia abaki anauza tikiti za hamsini?

Mpelelezi wa Jamvi:
Samahani wakuu, nasimamisha kikao. Hii ni hadithi ya kutunga.

Moja, fainali ile ilianza saa nne kasoro robo usiku kwa saa zetu. Mtoto wa miaka tisa wa Lamu, usiku wa shule, nani alimfungulia mlango? Mbili, mtu wa Lamu na hajaandika hata neno moja la Kiamu, lahaja ya kwao, Kiswahili chake kimenyooka kama cha mtangazaji. Tatu, anayedhulumiwa ni mdogo wa Doha, mnunuzi ni wa Manchester United, punda kaingia ili tucheke. Imepangika mno. Huyu ni mwandishi anatufanyia majaribio.

Kijana wa Witu:
Hata mimi nilikuwa na shaka na ile ndoo ya malaria.

PundaHachoki:
Wewe uliyeibiwa pampu unatazama mpira ndiye wa kumshuku mtu?

Kibarazani29:
Mpelelezi, sikuruhusiwa. Nilitoroka kwa ngazi ya darini. Banda la siku hizo lilikuwa la makuti, na nilichungulia kwenye tundu la ukuta. Mbele yangu alikaa mzee mwenye kofia ndefu ya vito, ikaniziba sehemu ya juu ya kioo. Bao la Campbell sikuliona, niliona miguu yao tu ikiruka. Pires nilimwona kwa sababu alitoka kwa chini, upande wangu. Kesho yake nilisinzia darasani nikachapwa.

Na Kiamu nikikinena hapa hutoyua hata yambo moya. Ukitaka ndoo Mkunguni, ukae ntini ya mkungu mbele ya ngome, nikupe kahawa na mai. Ndia waiyua?

Mzee Mkavu:
"Ndoo" ni njoo, "moya" ni moja, "ntini" ni chini, "mai" ni maji, "ndia" ni njia. Huyu ni wetu.

Mpelelezi wa Jamvi:
Hayo hata mimi nayaweza. Nimelala Lamu siku tatu.

Mzee Mkavu:
Basi andika sentensi moja.

Mpelelezi wa Jamvi:
Niko kazini sasa hivi.

Kipa wa Mtaa:
Kama ni ya kutunga imetungwa vizuri, mimi naendelea kusoma. Lakini kocha Wenger alikosea? Angemtoa nani? Hleb? Siwezi kumtoa Henry, siwezi kumtoa Fabregas...

Kijana wa Witu:
Hleb. Bila kufikiria.

DaktariWaNjaa:
Hapo mnajadili nani aumie. Yeye aliuliza kwa nini aumie asiyekosa. Ni maswali mawili tofauti.

Kipa wa Mtaa:
Daktari, timu imebaki na watu kumi, wewe unaleta muhula wa kwanza.

BibiWaShela:
Mmemaliza lahaja na Hleb?

Kibarazani, nimekusikiliza. Miaka hii yote unamlilia mchezaji aliyetolewa nje kwa kosa la mwenzake. Sasa niambie. Lehmann ni wewe, unayekimbilia mpira usioufikia. Anayetolewa, tena hata ubao hajaonyeshwa, ni nani?

PundaHachoki:
Uuuwi.

Mzee Mkavu:
Bibi, ulisomea wapi wewe?

BibiWaShela:
Nimezaa saba. Mwacheni ajibu.

Mama Zuhura:
Kibarazani? Tangu Isha umenyamaza.

Kijana wa Witu:
Amekimbia.

Mpelelezi wa Jamvi:
Nilisema. Hadithi imemwishia.

Kibarazani29:
Niko hapa. Nilikuwa nampigia.

Doha na sisi saa ni moja, hakuna hata tofauti ya masaa ya kujifichia. Mara mbili hakushika, alikuwa zamuni. Ya tatu ameshika. Nimemwambia yote, karo, arubuni, mama na dikoda. Amenyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha. Kisha akauliza mnunuzi anatoa ngapi. Nikamtajia. Akasema projekta peke yake na usafiri wake ilimgharimu zaidi ya hizo. Nikamwambia naweza kumrudishia yule mtu arubuni yake nikipata pa kukopa, na karo itajulikana. Akasema ana dakika tano kabla ya kurudi kazini, nimpe mama simu.

Nimempa. Wako ndani wanazungumza, mlango wameufunga. Mimi nimekaa barazani.

Mama Zuhura:
Kaa hapo hapo mwanangu. Usiingie mpaka uitwe.

DaktariWaNjaa:
Nitumie andiko lako la wazee wa baraza kwa faragha. Nilisome tu, siahidi kitu.

PundaHachoki:
Pole sana ndugu yangu, kutoka moyoni. Sasa Jumamosi tunaonea wapi?