Pikapu ya petroli kwa tela la pauni 10,000: Ford 6.2, GM 6.0 au Ram 6.4?

Mzigo_Columbus: Wadau, natafuta pikapu iliyotumika ya kuvuta tela la magari mawili, Columbus hadi bandari ya Baltimore, kwa kupitia milima ya barabara kuu ya I-68 hapa Marekani. Tela na mzigo wake ni pauni 10,000. Nimebaki na Ford F-250 yenye injini ya lita 6.2 ya 2017, Silverado 2500 ya GM ya lita 6.0 ya 2016 na Ram 2500 ya lita 6.4 ya 2016. Kuna anayenishawishi nichukue Ford F-150 EcoBoost, pikapu nyepesi yenye injini ya turbo.

Spana_13: F-150 iache. Nguvu inayo, EcoBoost 3.5 ya 2017 ina torki (nguvu ya kuzungusha) ya pauni-futi 470 wakati F-250 hiyo ina 430. Inashindwa mgongoni. Tela lako litailalia gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani pauni 1,000 hadi 1,500. Weka watu wawili, minyororo na jeki, unakaribia 2,000. Fungua mlango wa dereva, soma kibandiko cha mzigo kwenye nguzo. F-150 nyingi haziruhusu kiasi hicho.

Baba_Difu: Uliza difu kwanza, yaani uwiano wa gia za ekseli ya nyuma; namba ikiwa kubwa, gari linavuta zaidi. Zidisha torki kwa uwiano wa difu: GM 380 kwa 4.10 ni 1,558. Ford 430 kwa 3.73 ni 1,604, na yenye 4.30 inafika 1,849. Ram 429 kwa 4.10 ni 1,759. Giaboksi hazifanani, kwa hiyo si hesabu kamili, ila kwenye mlima wa Sideling Hill, huko I-68, utaiona tofauti. Mimi ningeisaka F-250 yenye 4.30 hata kwa kusubiri mwezi.

Sikio_la_Injini: Nakubali, ila 6.0 ya GM isidharauliwe: plagi 8 tu na spea zake zimejaa kila mahali. Udhaifu wake, sawa na Ram, ni bolti za manifoldi ya ekzosi (bomba linalokusanya moshi wa injini) kukatika, hasa za nyuma, kwa sababu chuma hutanuka na kusinyaa kila safari ya mzigo. Mwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Liwashe likiwa baridi, inama karibu na tairi la mbele usikilize. Tik-tik inayofifia baada ya dakika chache ni bolti: manifoldi ikipata moto inatanuka na kuziba mwanya. Tafuta masizi meusi palipopotea kichwa cha bolti.

Kwenye Ram, tik-tik isiyokoma hata injini ikishapata moto ni balaa zaidi. Huenda roli ya tapeti imekwama na inakwangua kamshafti, shafti inayofungua valvu. Hiyo usinunue.

Ford 6.2 hukata springi ya valvu, na silinda moja inaacha kuchoma. Plagi zake ni 16, na Ram vilevile. Ukiambiwa zimebadilishwa, risiti ionyeshe 16.

Mzigo_Columbus: F-250 niliyoiona ina difu ya 3.73.

Spana_13: Inafaa, ila mlimani bonyeza Tow/Haul, kitufe cha hali ya kuvuta mzigo, na uiache ishuke gia yenyewe. Kagua oili ya giaboksi: ikiwa ya kahawia na inanuka kuungua, achana nayo. Jaribu pia breki za tela kwa kidhibiti cha kwenye dashibodi, ekseli zote mbili zishike. Ukishapakia mara ya kwanza, pita mizani ya CAT, ile ya malori inayopima kila ekseli. Ekseli ya nyuma ikizidi kiwango cha kibandiko, lile gari la mbele lililopakiwa kwenye tela lisogeze nyuma kidogo, upime tena.

Baba_Difu: Usisogeze kupita kiasi. Uzito wa tela unaoilalia pikapu ukishuka chini ya asilimia 10, tela litaanza kuyumba.